Nauli ya Kwanza

Hotuba ya mjumbe wa kamati ya elimu katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu, Dar es Salaam



Mwenyekiti amenipa dakika ishirini. Yeye ni Mmakua na mimi ni Mmakonde, kwa hiyo najua alitumaini nitaishiwa maneno mapema ili apate cha kuwasimulia watu mezani. Leo mtani wangu atalala na njaa.

Nimeombwa nizungumzie mfuko wetu wa kuwafadhili vijana wanaokwenda chuo kikuu, wale ambao katika kanuni za mfuko tumewaita "vijana wenye kipaji cha uongozi". Hesabu za mfuko mhazini ameshazieleza vizuri, sina la kuongeza. Mimi nataka tuzungumze mambo mawili ambayo kwenye kamati yanatugombanisha kila mwaka: fedha hizi zitoke lini, na huyo mwenye kipaji cha uongozi tumtambue kwa lipi.

Naanza na lini, maana hapo ndipo watoto wetu wanapopotea.

Itazameni kalenda ya nyumba ya mkulima wa korosho. Kuanzia Mei hadi Julai ni miezi ya salfa, fedha zinatoka, haziingii. Agosti watu wanapalilia na kufagia chini ya mikorosho. Septemba korosho zinaanza kudondoka, Oktoba minada inaanza, na malipo yanafika kwenye akaunti ya mkulima baada ya mnada, wakati mwingine wiki kadhaa baadaye. Sasa wekeni pembeni yake kalenda ya mtoto aliyemaliza kidato cha sita. Mtihani Mei, matokeo Julai, maombi ya chuo na ya mkopo katika miezi hiyo hiyo, majina ya waliochaguliwa yanatoka, na mwishoni mwa Oktoba au Novemba chuo kinafunguliwa. Maana yake mtoto anahitaji fedha wakati nyumba haina hata mia.

Na nyumba isiyo na fedha mwezi Agosti, ikiwa na korosho bado mtini, wote hapa mnajua inafanya nini. Inauza kangomba. Kwa vijana mliozaliwa Temeke na kukulia Mbagala nieleze: mnunuzi anapita nyumbani kimya kimya kabla ya msimu, anatoa fedha mkononi kwa bei anayoitaka yeye, na korosho zikishaokotwa zinakwenda kwake bila kupita ghalani. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, na mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kwetu mwaka 2007 uliletwa ili mkulima auze kwenye mnada kwa ushindani. Lakini marufuku hailipi nauli.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme mnadani kilo ingefika shilingi 3,000, na mtu wa kangomba anatoa 1,500. Mzazi anayetafuta shilingi 600,000 za kumpeleka mtoto chuo atatoa kilo 400. Angesubiri mnada, kilo 200 zingetosha. Kilo nyingine 200, yaani shilingi 600,000 nyingine, zimekwenda kwa sababu tu fedha ilitakiwa Agosti badala ya Novemba. Mwakani mikorosho yake haipati salfa ya kutosha, ubwiri unga unaingia, na mdogo wake aliyeko kidato cha tatu anaanza kusikia kwamba shule ina gharama kubwa. Ndiyo maana mimi siku zote huwaambia wajumbe wenzangu kwamba laki sita yetu ikitoka kwa wakati inaokoa milioni moja na laki mbili za mkulima, na ikitoka Desemba ni ya picha tu.

Kuna ndugu watauliza: si kuna Bodi ya Mikopo? Ipo, na tuiheshimu. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi 2005, na bila hiyo vijana wengi wa wilaya zetu wasingelijua lango la chuo kikuu. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na sita. Kwa hiyo mtoto wa Chiungutwa au wa Kitangari anaweza kufika kidato cha sita bila mzazi kulipa ada ya serikali. Ni jambo kubwa, wazee wanaokumbuka enzi ambapo sekondari zetu zilihesabika kwa vidole wanalijua. Lakini mkopo unamsubiri mwanafunzi chuoni, haumfuati Newala. Shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi anazipata akishafika, akishasajiliwa, akishasaini. Kabla ya hapo kuna basi, kuna godoro, kuna michango ya usajili na bima ya afya, kuna wiki mbili tatu za kula huku akisubiri. Aliyepangiwa Mwanza au Mbeya kutoka Newala anasafiri siku mbili. Na yule aliyepata mkopo wa sehemu tu, au aliyekosa kabisa duru ya kwanza, anafika chuoni akiwa mgeni mwenye njaa. Wengine hawafiki. Majina yao yapo kwenye orodha ya waliodahiliwa, wao wako kijijini wanabangua korosho.

Tulipolijadili hili kwenye kamati, mjumbe mmoja alisema nauli ni jambo dogo, halistahili kuitwa ufadhili. Nikamkumbusha habari ya majirani zetu wa Kenya. Mwaka 1959 Tom Mboya alizunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo, na vyuo vya kule vilikubali kuwapokea vijana na kuwapunguzia au kuwasamehe ada. Nafasi zilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa tiketi ya ndege, ambayo ilizidi kipato cha mwaka cha familia nyingi. Basi watu wakachanga. Vijijini Kenya ziliitishwa karamu za chai na ngoma za kuchangisha, na huko Marekani mwanamichezo Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier waliweka majina yao kwenye barua ya kuomba michango. Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000, na safari zikaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya sitini, zikichukua na vijana wa nchi jirani, Tanganyika ikiwemo. Wakoloni walinung'unika kwamba vyuo vingine walikokwenda si vya hadhi. Sawa. Katika waliosafiri mwaka 1960 alikuwemo msichana wa Nyeri, Wangari Maathai, aliyekwenda kusoma baolojia katika chuo kidogo cha masista huko Kansas, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Chuo ndicho kilichomfundisha. Lakini bila tiketi, chuo kile kingemfundisha mtu mwingine.

Sisi hatuhitaji ndege. Tunahitaji basi la kutoka Masasi. Na wenzangu wa umri wangu mnakumbuka basi lenyewe lilivyokuwa kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, tulivyokuwa tukilala Ndundu kusubiri kivuko, mvua ikinyesha, na mihogo imeisha. Siku hizi mtoto anakula chai Masasi na jioni yuko Mbagala. Kwa hiyo hatuna kisingizio.

Basi pendekezo la kamati, na mimi naliunga mkono kwa mikono miwili, ni kwamba fedha za mfuko zitoke Agosti, ziitwe kianzio, na ziende kwa vijana wengi kiasi, badala ya kuwachukua wawili na kuwalipia kila kitu. Najua wapo wanaopenda wale wawili. Ni rahisi kuwapiga picha. Lakini pale ambapo Bodi ya Mikopo inabeba gunia, sisi tubebe kamba ya kulifungia. Tumetenga sehemu ndogo kwa wale watakaokosa mkopo kabisa, na hiyo ibaki hivyo.

Sasa nije kwa huyu mwenye kipaji cha uongozi.

Miaka niliyofundisha niliona shule zikitafuta kiongozi kwa masikio. Anayezungumza Kiingereza cha haraka, anayesimama mstarini na kuwapigia wenzake kelele, huyo ndiye kaka mkuu. Kanuni zetu zinafuata njia hiyo hiyo: zinamtaka mwombaji aambatishe cheti cha uongozi wa shule na barua ya kiongozi wa kata. Matokeo yake tunapata watoto wa watu wanaojua kuandikiwa barua.

Mchukueni mtu wetu maarufu kuliko wote. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso mwaka 1938. Akasoma Ndanda, akasoma Pugu, mwaka 1957 akaingia Makerere, akachukua digrii ya Kiingereza, baadaye akaenda Columbia, New York. Akawa mhariri wa magazeti kabla ya kuwa waziri, na mwaka 1995 akawa Rais wa nchi hii kwa miaka kumi. Huyu hakuwa mtu wa kupayuka. Alikuwa mtu wa kitabu, na waliofanya naye kazi wanasema alikuwa mkali kwa aliyekuja bila kusoma. Mngempa fomu yetu ya leo akiwa na miaka kumi na minane, sina hakika angepita. Angepita yule mwenzake mwenye sauti.

Na kuna wa zamani zaidi, ambaye vijana wengi hawamjui. Cecil Majaliwa alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto. Misheni ya UMCA ikamsomesha Kiungani, Zanzibar, kisha Canterbury, Uingereza, kwa sadaka za watu ambao hawakupata kumwona. Mwaka 1886 akapewa kituo cha Chitangali, huku kwetu, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Simtaji kwa ajili ya dini, kwa kuwa ukumbi huu una Waislamu wengi na Wakristo wengi na wote ni wangu. Namtaja kwa sababu waliomchagua hawakuwa na cheti chochote cha kutazama. Walikuwa wameishi naye na kumwona akifanya kazi.

Hicho ndicho ninachokitaka kwenye fomu. Swali la kwanza liwe: nani anakutegemea? Kuna kijana anayesoma mzani siku ya kupokea korosho kwenye chama cha msingi, kwa sababu wazee wanamwamini kuliko karani, na hajawahi kulipwa. Yupo anayefundisha hesabu jioni kwa watoto wa darasa la saba chini ya mwembe. Yupo binti anayeandika zamu za maji. Na nyie mnajua maji juu ya uwanda wetu ni nini, mto hakuna, bomba la kutoka Mitema likikata kitongoji kizima kinapanga ndoo, na anayeweza kupanga ndoo za akina mama hamsini bila ugomvi, huyo ameshafanya mtihani mgumu kuliko wa siasa ya darasani. Barua ya mdhamini iandikwe na mtu aliyesaidiwa na kijana huyo, hata kama ni mtoto wa darasa la saba, hata kama ni bibi asiyejua kuandika na kamati ndiyo itakayomwandikia. Barua za waheshimiwa tuzipokee kwa adabu na kuziweka kwenye faili lake.

Kuna jambo jingine, na hapa najua wazee watanitazama. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitoa waraka unaowaruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito warudi shuleni. Wamerudi. Wengine walikuwa wamekwisha kupita njia ya QT, wakisoma usiku huku mtoto amelala. Mwaka huu tulipokea ombi la binti wa aina hiyo, na kwenye kikao mzee mmoja ninayemheshimu sana aliuliza, "Huyu atakuwa mfano gani kwa wenzake?" Swali zuri. Nami nauliza: mtu aliyezaa akiwa kidato cha pili, akachekwa, akarudi kukaa dawati moja na watoto aliowazidi miaka minne, akafaulu kidato cha sita, huyo akisimama mbele ya wasichana wa Lulindi au Mahuta, nani atakayesikilizwa zaidi yake? Sisi watu wa jando na unyago tunajua kumfunda mtoto mpaka awe mtu mzima. Haiwezekani tumfunde halafu akikosea mara moja tumwambie utu uzima wake umefutwa. Kanuni hazimkatazi. Naomba mkutano huu uandike wazi kwamba zinamruhusu, ili mwakani asije mtu akazisoma vingine.

Suala la kurudi nyumbani. Imependekezwa kila anayefadhiliwa asaini mkataba wa kufanya kazi Masasi au Newala miaka mitano. Naelewa uchungu wa wanaolipendekeza, maana tumesomesha watu ambao leo hata simu za msiba hawapokei. Lakini tuseme ukweli. Ajira za serikali zinapitia Sekretarieti ya Ajira, na mtu hupangiwa Kigoma au Simiyu kama ilivyopangwa. Tutamshtaki kwa lipi? Na mkataba tusioweza kuusimamia unamfundisha kijana kwamba saini yake haina uzito. Simuungi mkono anayeutaka.

Badala yake nataka kitu kidogo kinachowezekana. Kila mfadhiliwa, kila likizo ndefu akiwa bado mwanafunzi, akae wiki mbili kwenye kata yake akiwasaidia waliomaliza kidato cha sita kujaza maombi ya mkopo. Wiki mbili, na kalamu, na simu yenye bando. Mnajua ni wangapi wanaokosa mkopo si kwa sababu si maskini, bali kwa sababu ya karatasi? Cheti cha kuzaliwa kinasema Said, cha kidato cha nne kinasema Saidi. Mwingine aliandikishwa darasa la kwanza kwa jina la babu yake aliyemlea, cheti kikatafutwa miaka kumi baadaye kwa jina la baba. RITA inatakiwa ihakiki cheti, na mzazi aliyefariki anatakiwa awe na cheti cha kifo, na mazishi yalifanyika kijijini bila mtu kufikiria karatasi. Haya yote yanarekebishika, ila yanachukua muda, na mtoto anayagundua zikiwa zimebaki siku chache dirisha la maombi lifungwe. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeyapitia anaweza kumwokoa mdogo wake mwezi Juni kwa mazungumzo ya nusu saa. Kama mnataka kujua nani ni kiongozi, mtamwona hapo, likizo ya kwanza tu. Asiyekuja bila sababu, kianzio cha mwaka wa pili asipewe.

Mwisho, fedha. Limetolewa wazo la kuomba vyama vya msingi vikate kiasi kidogo kwa kila kilo kwa ajili ya mfuko. Wenzetu wa Kilimanjaro na Bukoba walijenga shule kwa kahawa, na sina ubishi na hilo. Lakini mkulima wa korosho leo akisoma karatasi yake ya malipo anakuta makato ya huyu na makato ya yule kabla hajafika kwenye jina lake. Nasi tuliokaa Dar es Salaam tunakwenda kumwongezea jingine, halafu tunajiita wafadhili? Hapana. Mfuko huu ni wa sisi tuliokwishatoka. Ndani ya ukumbi huu kuna watu ambao mwaka huu wamechangia kamati za harusi tatu, send-off mbili na kipaimara. Sisemi msichange. Mimi mwenyewe pilau naipenda. Nasema kadi ya mfuko ikae pembeni ya zile kadi nyingine, na ilipwe kama zile, maana harusi hukumbushwa kila Jumapili na mfuko hukumbushwa mara moja kwa mwaka.

Na wafadhili wetu wakubwa, pamoja na mgeni rasmi, nawaomba kwa heshima: hundi zenu msizisubirishe hadi sherehe ya Novemba. Tupeni Julai. Picha tutapiga Novemba, na vijana watakuwepo kwenye picha kwa kuwa watakuwa wamefika chuoni.

Kadi ziko kwa mhazini, meza iliyo karibu na mlango. Ahadi zote zilipwe kabla ya tarehe 31 Julai. Kamati itakaa wiki ya kwanza ya Agosti, siku moja Masasi na siku moja Newala, na kila mwombaji atasikilizwa ana kwa ana kwa lugha anayoiweza vizuri, iwe Kiswahili, Kimakonde, Kimakua au Kiyao. Wajumbe wawili hawana usafiri wa kupanda Newala. Mwenye gari linalokwenda huko wiki hiyo atuambie leo kabla hajaondoka.